Masteri gani, na kwa faida ya nani?

Maneno yenye yalisemwa mbele ya mkutano mkubwa wa chama, Baraka



 Komite iliniomba niongee juu ya masomo ya juu kwa wale wenye wako kazini. Sababu yake mnaijua. Tangu mwanzo wa mwaka, maombi ya kredi ya masomo yanazidi kuingia katika sanduku yetu, na karibu yote yanasema neno moja: masteri. Masteri ya nini? Hapo ndipo wengi wetu tunaanza kukohoa. Mimi pia nilikohoa. Barua yangu ilikuwa ya kwanza kati ya hizo, na ilirudishwa. Leo nitawaeleza juu ya nini ilirudishwa, na juu ya nini ninashukuru.

Kwa wageni wetu, nijitambulishe kidogo. Nilivuka ziwa mwaka wa 1996, nikiwa mtoto wa miaka saba, mgongoni kwa yaya yangu juu miguu ilikuwa imevimba. Nilisomea Lugufu, kule Kigoma, kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, chini ya manyasi na mashitingi. Nilirudi 2008 kwa boti, na karatasi yangu ya VRF mkononi, mwaka mmoja mbele kambi ya Lugufu ifungwe. Nilifanya gradua miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili, katika maendeleo ya vijiji. Leo niko na miaka zaidi ya makumi tatu, mke, watoto watatu, na kontra ya kazi yenye inaongezwa kila mwaka kama wafadhili wakipenda. Kazi yangu ni kusaidia watu wenye wanagombana juu ya ardhi. Wenye walirudi wanakuta shamba liko na mtu. Mwenye kuwa ndani naye anasema, mimi niliuziwa. Sisi tunakaa nao chini ya mwembe, tunaongea, tunaandika mapatano.

Sasa ile barua. Niliomba dolari elfu moja katika sanduku ya kijani, juu ya masteri ya usimamizi wa miradi. Mbona usimamizi wa miradi? Kusema ukweli, juu kila tangazo la kazi linaandika hivyo. Niliona wenzangu wawili wameisoma na mshahara ukapanda. Ni hesabu ya kawaida, sioni haya kuisema. Mtu mwenye watoto anahesabu.

Komite ikaniita. Mzee mmoja, mwenye yuko hapa mbele na hataki nimtaje, akaniuliza: "Mwanangu, hii masomo, ukiimaliza utajua nini chenye hujui leo?" Nikaanza kujibu: kupanga mradi, kutengeneza bajeti, kuandika ripoti, kufwatilia matokeo. Akaniambia, "Si ndiyo kazi unafanyaka kila siku? Tunataka kukukopesha ukajifunze chenye unajua?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani na hasira, na nikakula bukari bila kuongea.

Lakini usiku ule nikakumbuka mama mmoja.

Nimemuomba ruhusa ya kueleza habari yake, na akakubali, bila jina. Alirudi kutoka Nyarugusu na watoto wanne. Parsela ya marehemu mume wake, hapa hapa mjini, ilikuwa na mtu mwingine. Alikuja kwetu. Tuliita pande mbili, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Yule mtu alikuwa mpole sana. Hakukataa hata siku moja kuja. Alikuwa anasema tu, "Tuendelee kuongea, sisi ni ndugu." Na mimi nilikuwa ninafurahi. Katika ripoti nilikuwa ninaandika: mazungumzo yanaendelea vizuri. Siku moja mama akaniuliza, "Hatuwezi kwenda tribunali?" Nikamjibu, "Mama, vumilia, tribunali inakula feza, tumalizie hapa."

Kumbe yule mtu alikuwa na sertifika ya uandikishaji, karatasi yenye inatolewa na serikali juu ya ardhi. Na sheria yetu ya ardhi, ile ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, sawa vile ilirekebishwa mwaka wa 1980, inaweka muda. Mwenye kutaka kuishambulia sertifika ile anapewa miaka miwili. Ikipita, inakuwa ngumu sana kuigusa, na chenye kinabakia mara nyingi ni kudai fidia ya feza tu. Mimi sikujua. Niliongoza mazungumzo zaidi ya miaka miwili, kwa upole, kwa chai, na saa ilikuwa inapita. Yule mtu alijua. Wakati tulifika kwa avoka, alisoma tarehe, akavua miwani, akauliza, "Nani aliwaambia mngoje?"

Ni mimi nilisema wangoje.

Hakuna mtu alinilaumu mbele ya watu. Shirika langu halikuniuliza kitu, juu katika ripoti kila kitu kilikuwa sawa. Mama mwenyewe aliniambia, "Hukufanya kwa ubaya." Lakini leo anakodi nyumba ya vyumba viwili na anauzisha ndagala. Hapo ndipo nilielewa swali la mzee. Chenye sikujua kilikuwa na anwani, kilikuwa na watoto wanne. Na masteri yenye nilikuwa ninataka kununua kwa feza zenu haingenifundisha kitu hicho.

Basi nikaanza upya. Nilichukua kartasi, nikaandika njia nne. Ninawapa vile nilizipima, si juu ya ninyi mfwate njia yangu, lakini mfwate namna ya kupima.

Njia ya kwanza ni ile ya usimamizi wa miradi. Iko na faida: inasomwa hata mtu akiwa kazini, na inafungua mlango wa kazi. Kama wewe ni mwalimu ao muuguzi na unataka kuingia katika kazi ya mashirika, hujawahi kushika bajeti, pengine ni yako. Kwa mimi mwenye nimeshika miaka nane, ilikuwa kununua kofia yenye niko nayo kichwani.

Njia ya pili ni afya ya watu wote. Rafiki alinisukuma huko: "Kipindupindu hakiishi kando ya ziwa hili, kazi haitakosa." Ni kweli, na Bukavu kuko shule ya afya ya jimbo kwa Chuo Kikuu cha Katoliki. Lakini mimi sina msingi wa afya. Ningeingia kwa kufwata feza tu, na mwanafunzi mwenye anafwata feza peke yake anachoka katikati, wakati feza haijaonekana.

Njia ya tatu ni sheria yenyewe. Hii ndiyo roho yangu ilikuwa inataka. Lakini nilipouliza, nikaelezwa: diploma yangu si ya sheria, lazima nianze mwaka wa kwanza. Miaka mitatu ya lisansi, na miwili ya masteri juu yake. Masomo ya mchana, mbali na hapa. Maana yake niache kazi. Nilikaa na mke wangu, tukahesabu minervali, kodi ya nyumba kule, unga wa hapa. Hesabu ilikataa. Nililia kidogo, niseme kweli, kisha nikafunga ukurasa.

Njia ya nne: masteri katika maendeleo na uongozi wa jamii, yenye inakubali diploma yangu, na yenye inaniruhusu kuandika memwari juu ya ardhi za watu wenye walirudi. Miaka miwili. Somo la sheria ya ardhi liko ndani, na profesa mmoja wa sheria alikubali kusimamia memwari pamoja na wa maendeleo. Haitanifanya avoka. Lakini itanifanya mtu mwenye anaona karatasi na anajua kuuliza: imetolewa tarehe gani?

Nilichagua ya nne.

Sasa vijana, mambo ya kushika mkononi. Nimeyalipia, ninyi myapate bure.

La kwanza ni majina ya diploma. Nchi yetu imeingia katika mfumo wa LMD: lisansi miaka mitatu, krediti 180, masteri miaka miwili, krediti 120, kisha doktora. Zamani kwetu lisansi ilikuwa juu ya gradua, jumla miaka mitano. Neno ni moja, miaka si ile ile. Ukipeleka lisansi yako ya zamani nje ya nchi na huielezi, mtu anaweza kuisoma kama ya miaka mitatu. Na ukiwa na gradua tu, usidanganywe na mtu mwenye anakuambia utaruka moja kwa moja masteri. Mbele ya kulipa hata faranga moja, uliza kwa maandishi: na diploma yangu hii, mtaniingiza mwaka gani? Jibu la mdomo haliko jibu.

La pili, chuo chenyewe. Uliza kama kinatambuliwa na serikali, na uombe kuona karatasi ya kukitambua. Kila mwaka tunaona vijana wenye walisoma vizuri mahali pabaya. Akili yao ni ya kweli, diploma yao ndiyo haina miguu.

La tatu, luga. Sisi wa kambini tuko watu wa ajabu: Kifaransa tulikisomea, Kiswahili cha Tanzania tulikinywa sokoni, Kiingereza tulikisikia kwa wazungu wa mashirika. Kuko wenye wananiuliza juu ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kinafundisha kwa mbali tangu mwaka wa 1994 na kiko na kituo Kigoma. Ni chuo cha kweli, na kwa mtu wa ziwa hili Kigoma si nchi ya mbali. Lakini masomo yake ni kwa Kiingereza, hata kama kwenye bandari watakusalimia kwa Kiswahili. Jipime mbele. Chukua kitabu kimoja cha masomo yale, soma kurasa kumi, na umweleze mwenzako. Ukishindwa, mwaka mmoja wa luga ni bei ndogo kuliko miaka miwili ya kurudilia mitihani.

La nne, dosye. Jambo hili linatugusa sisi kuliko wengine. Wangapi hapa wako na jina moja kwa VRF, jina lingine kwa diploma ya serikali, na tarehe ya kuzaliwa ya mwezi wa kwanza tarehe moja juu karani wa kambi hakuwa na wakati? Ninaona mikono. Mimi nilikuwa na herufi moja tu ya tofauti, na ilinikawisha miezi mitatu. Nenda tribunali, uombe hukumu yenye kurekebisha cheti cha kuzaliwa, mbele ya kuomba chuo. Usingoje barua ya kukubaliwa ndipo utafute jina lako.

La tano, kazi. Ongea na mkubwa wako wa kazi mbele, si nyuma. Mimi niliomba siku zangu za mapumziko zigawanywe kufwatana na mitihani. Alikubali, na akaandika. Lakini nilimuuliza tena: kontra ikikatika katikati? Akanyamaza. Basi jibu nililazimika kulitafuta mwenyewe: nilianza na feza ya mwaka mmoja mzima ndani ya mkono, si ya miezi mitatu.

Na ya sita, nyumba. Hii hatuisemaka kwa mikutano. Kusoma ukiwa kazini, kuko mtu analipia usingizi wako. Kwangu ni mama wa watoto wangu. Ni yeye anapikia, anauguza, anapokea wageni, na saa tatu ya usiku ananiambia watoto wamelala, taa ya jua iko na chaji, anza. Mume mwenye anasoma, siku mke wake naye atataka kusoma, akumbuke taa ile.

Sasa ninageukia sanduku zetu. Wageni wetu wajue: MUSO yetu iko na sanduku tatu. Ya kijani ni akiba yetu ya kukopeshana, nyekundu ni ya msiba, ugonjwa na ajali, ya bluu ni ya feza yenye inatoka inje.

Wakati barua yangu ilirudishwa, kuko mtu alinishauri kwa wema: "Omba katika nyekundu, masomo nayo ni shida." Hapana. Wapendwa, tusikubali hata siku moja. Nyekundu ni sanduku ya jeneza na ya mama mwenye anatoka damu usiku. Mtu akisoma kwa feza ile, na kesho mtoto akose kupelekwa hospitali, diploma ile itanuka maisha yote.

Niliandika barua mpya. Badala ya dolari elfu moja niliomba mia nne, kwa vipande viwili: mia mbili mwanzoni, mia mbili kama nikipita mwaka wa kwanza. Zenye zinabakia natoa kwa mshahara, na tuliuzisha mbuzi watatu. Ninarudisha kila mwezi pamoja na faida ya kawaida, sawa mama mwenye anakopa juu ya biashara ya mihogo. Na wazee waliongeza sharti moja yenye sikuiandika: kila jumamosi ya mwisho wa mwezi nikae hapa katika biro ya chama, mtu yeyote alete karatasi yake ya ardhi, tuisome pamoja.

Nimefanya hivyo mwaka mmoja sasa. Sitadanganya kwamba ni rahisi. Nilianguka katika somo la takwimu, nikalirudilia. Kuko wiki nilisafiri siku mbili juu ya mtihani wa saa mbili. Lakini krediti sitini za mwaka wa kwanza ziko mkononi, na kipande cha pili kilitoka. Na kuko jumamosi moja baba mmoja alileta kopi ya sertifika ya mtu mwenye anashika parsela yake. Tukatazama tarehe: mwaka mmoja na miezi tisa. Miezi mitatu ilikuwa inabakia. Hatukunywa chai. Jumatatu alikuwa kwa avoka. Sijui tribunali itasema nini. Lakini safari hii hakuna mtu alimwambia angoje.

Ninapendekeza mambo mawili kwa mkutano huu, presidenti akipenda tuyaongee kisha kula.

Pendekezo la kwanza: kila mwenye kuomba kredi ya masomo ajibu lile swali la mzee kwa ukurasa mmoja: nitajua nini chenye sijui leo, na nani hapa ataona tofauti? Si lazima ikuwe ardhi. Kijana wetu wa hesabu akitaka kusoma kontabilite ili vitabu vya chama vikae sawa, ni jibu. Muuguzi wetu akitaka kuwa mkunga, ni jibu kubwa. Hata mwenye anasema "ninataka mshahara mkubwa juu ninalea wadogo zangu saba", ni jibu, mradi ni la kweli na hesabu yake ya kurudisha iko wazi.

Pendekezo la pili: kuko binti wa chama hiki, yuko mwaka wa pili wa sheria. Ile njia ya tatu yenye mimi nilishindwa, yeye yuko ndani yake, hana mtoto, hana kontra ya kuogopa kupoteza. Minervali ndiyo inamtikisa. Mimi sitakuwa avoka. Yeye anaweza. Tumuweke mbele ya foleni, hata mbele ya kipande changu kingine kama ningekuwa nacho.

Na kwa ndugu wafadhili, neno moja kwa heshima. Mmetupa semina nyingi, na tumejifunza, aksanti. Lakini semina ya siku tatu haikuniambia habari ya miaka miwili ya sertifika. Kama mnatafuta mahali pa kusaidia, tazameni sanduku ya bluu. Si ya zawadi. Iwe kredi ya muda mrefu, yenye inarudi na kupewa mwingine, kwa masharti yenye chama chenyewe kimeweka. Wazee hawa wanajua kurudisha barua. Mimi ni shahidi.

Yule mama wa ndagala anajua kama ninasoma. Wiki iliyopita nilinunua kwake, akanipimia, akaongeza kiganja kimoja. Nikamwambia, mama, usiongeze. Akasema, "Kula, usome. Lakini unimalizie ile barua ya fidia." Tunaiandika pamoja na avoka, na jumamosi hii ataipita kusaini.

 Wenye kuwa na karatasi za ardhi, msizisahau nyumbani.